Mikono Iliyolelewa na Matofali: Miaka ya Mwanzo ya Jerry Rice

Nilikuwa na umri wa miaka kumi na sita nilipoanza kazi ya saidia fundi kwa mjomba wangu, mjini Iringa, wakati wa likizo ndefu ya shule, na kabla sijaruhusiwa hata kukoroga mota nilifundishwa kupokea tofali. Matofali ya kuchoma ya kwetu ni mazito na kingo zake hukwaruza kama msasa. Ukuta ukishapita kimo cha mtu hakuna anayepanda na kushuka nayo mikononi: aliye chini hurusha, aliye juu ya jukwaa hudaka, humpa fundi, hugeuka, hudaka lingine, na hivyo hivyo mpaka jua linapokuwa kali mno kwa kazi. Mjomba alinieleza mambo mawili tu. La kwanza ni kwamba mikono isilingoje tofali ikiwa imekakamaa, bali iende kulilaki hewani na kurudi nalo nyuma kidogo, la sivyo litaichubua. La pili alilirudia kila siku, hata pale nilipodhani nimeshalielewa: "Mjomba, litazame tofali mpaka liingie mkononi. Ukuta utaukuta palepale."

Miaka kadhaa baadaye nilikwenda kusoma Marekani, na jioni moja ya majira ya baridi niliketi na wenzangu wa bwenini mbele ya televisheni iliyokuwa ikionyesha kipindi kuhusu wachezaji wa zamani wa futiboli ya Marekani, mchezo ambao wakati huo sikuuelewa hata kidogo. Ilisemwa kwamba Jerry Rice, ambaye wengi humtaja kuwa mpokeaji bora kuliko wote waliowahi kuucheza mchezo huo, alikuwa mtoto wa mwashi, na kwamba wakati wa kiangazi alikuwa akisimama juu ya jukwaa huku kaka zake wakimrushia matofali kutoka chini. Wenzangu waliifurahia habari hiyo kwa dakika moja, kisha mazungumzo yakahamia kwingine. Mimi sikuhama nayo. Nilijua jinsi jukwaa linavyotikisika, nilijua joto la tofali lililoshinda juani, na tangu usiku ule nimeyafuatilia maisha ya mtu huyu, hasa miaka yake ya kwanza, kwa makini ambayo sijawahi kumpa mwanamichezo mwingine yeyote.

Kwa msomaji asiyeuzoea mchezo wenyewe, maelezo machache yatatosha. Kila timu huwa na wachezaji 11 uwanjani, na timu yenye mpira hupewa majaribio manne ya kusogea mbele yadi 10. Ikifaulu hupewa mengine manne, na ikishindwa mpira huenda kwa wapinzani. Mchezaji aitwaye kwotabeki ndiye anayeupokea mpira mwanzoni mwa jaribio na kuamua kama ataukabidhi kwa mkimbiaji au ataurusha mbele. Mpokeaji wa pembeni husimama karibu na mstari wa nje, na kazi yake ni kukimbia njia iliyoandikwa katika kitabu cha mbinu, yadi kadhaa mbele kisha kukata ndani au nje, ili afike mahali fulani wakati uleule mpira unapofika, huku mlinzi wa timu pinzani akiwa amemganda. Mara nyingi mpira huwa umesharushwa kabla hajageuza kichwa. Ana sehemu ndogo ya sekunde ya kuuona, kuudaka na kuushika sawasawa, naye anajua kwamba kuna mtu mwenye kilo 90 na zaidi anayemjia kwa kasi ili amwangushe. Ukimponyoka na kugusa nyasi, jaribio limepotea. Akiufikisha katika eneo la mwisho, hiyo ni tachidauni, yenye pointi 6.

Rice alizaliwa Starkville, katika jimbo la Mississippi, tarehe 13 Oktoba 1962, siku 12 baada ya James Meredith kuandikishwa kuwa mwanafunzi wa kwanza Mweusi wa Chuo Kikuu cha Mississippi, chini ya ulinzi wa askari wa serikali kuu, kufuatia ghasia za usiku mmoja zilizoua watu wawili. Naitaja tarehe hiyo kwa sababu wasimulizi wengi wa michezo huanza habari za Rice kana kwamba alizaliwa kwenye uwanja mtupu. Alizaliwa Mississippi, katika familia ya watu Weusi, katika mwezi ambao mtu mmoja kuingia darasani kulihitaji jeshi. Alilelewa Crawford, kijiji kilicho kusini ya Starkville kisichofikisha watu elfu moja, katika nyumba ambayo baba yake, Joe Nathan Rice, aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Walikuwa watoto wanane. Mali ya familia ilikuwa ujuzi wa baba, na ujuzi huo ulihitaji vibarua, na vibarua walikuwa wanawe.

Rice amesimulia mara nyingi kwamba kaka yake alikuwa akipanga matofali kama manne, moja juu ya jingine, na kuyarusha yote kwa pamoja. Hewani yalitawanyika, moja huku na jingine kule, naye aliyadaka yote manne. Nimejaribu kulieleza jambo hili kwa watu ambao hawajawahi kufanya kazi hiyo na nimeona kwamba hawashtuki inavyopasa. Tofali moja linalorushwa vizuri huja limelala, halizunguki, na aliyezoea hulipokea karibu bila kufikiri. Manne yakija pamoja hayana mwendo mmoja, kwa hiyo macho hayawezi kulifuata moja na kuyaacha mengine, na mikono inalazimika kufanya kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Zaidi ya hayo, tofali halisamehe. Mpira ukikuponyoka unaokota. Tofali likikuponyoka kuna ndugu yako chini. Kijana aliyekulia katika kazi hiyo, chini ya baba asiyevumilia uzembe, kwenye joto la Mississippi la mwezi Julai, amejifunza kitu ambacho kocha wa chuo hawezi kukifundisha kwa mazoezi ya saa mbili.

Alivyoingia katika mchezo wenyewe ni kisa kinachojulikana sana huko, na nitakipitia haraka. Katika shule ya sekondari ya B. L. Moor alikuwa ametoroka darasa siku moja, naibu mkuu wa shule akamnyemelea kutoka nyuma na kumwita, na kijana akashtuka akatimua mbio kwa kasi iliyomwacha yule mwalimu ameduwaa. Alipopatikana aliadhibiwa, kisha habari za mbio zake zikafikishwa kwa kocha wa futiboli. Mama yake hakutaka acheze mchezo wa kuumizana, lakini aliona kwamba akimzuia atamfanya autamani zaidi, akamwachia. Mazoezi yalipokwisha jioni, mara nyingi kijana alirudi nyumbani kwa mguu, akikimbia sehemu kubwa ya njia.

Vyuo vikubwa havikumtaka. Starkville, mji aliozaliwa, una chuo kikuu cha jimbo chenye uwanja mkubwa na timu inayopambana katika ligi ngumu kuliko zote za vyuo, lakini aliyekuja Crawford kumwona kwa macho yake alikuwa Archie Cooley, kocha wa Chuo Kikuu cha Mississippi Valley State. Chuo hicho kiko Itta Bena, upande wa pili wa jimbo, katika nchi tambarare ya Delta. Kilifunguliwa mwaka 1950 kwa ajili ya wanafunzi Weusi, wakati ambapo sheria za Mississippi hazikuwaruhusu kusoma pamoja na Wazungu. Nilikwenda huko miaka michache iliyopita, nikiendesha gari kutoka Starkville kufuata barabara kuu namba 82 kuelekea magharibi, na nakumbuka mahali ambapo vilima huisha ghafla, karibu na mji wa Greenwood, na mashamba ya pamba na soya yakaenea pande zote bila hata kichuguu kimoja. Chuo chenyewe ni kidogo na kimetulia. Uwanja wa futiboli sasa unaitwa Rice-Totten, na wala hauna fahari ya viwanja nilivyokuwa nimeviona katika miji mikubwa. Nilisimama pale kwenye nyasi kwa muda mrefu kuliko nilivyokusudia.

Jina la pili katika jina la uwanja huo ni la Willie Totten, kwotabeki aliyecheza na Rice, na hapa ndipo ninapotofautiana na wale wanaosimulia maisha ya mpokeaji kana kwamba mpira huanguka kutoka mbinguni. Kila tofali lililodakwa limerushwa na mtu. Totten alikuwa mrushaji mwepesi, na Cooley, aliyependa kuvaa kofia pana ya wachunga ng'ombe na kuitwa "Gunslinger", aliamua kufanya mambo ambayo makocha wenzake waliyaona kuwa ya hatari: alipanga wapokeaji wengi kupita kawaida, wakati mwingine wanne upande mmoja wakiwa wamesimama mmoja nyuma ya mwingine, na aliwazuia wachezaji wake kukusanyika kati ya majaribio ili wapinzani wasipate hata nafasi ya kupumua. Ilibidi Totten asome safu ya ulinzi na kuita mbinu akiwa tayari amesimama mahali pake. Wanafunzi walimpa jina la "Satellite". Rice walimwita "World", yaani Dunia, kwa kuwa hapakuwa na mpira duniani ambao hangeudaka.

Takwimu za mwaka 1984 bado zinanishangaza kila ninapozirudia. Mississippi Valley State iliifunga Kentucky State 86 kwa 0, na katika msimu mzima ilipata wastani wa takriban pointi 60 kwa mechi, wakati timu nyingi huona fahari kupata nusu ya hizo. Totten alirusha pasi za tachidauni 56. Rice alidaka 27, idadi ambayo haikuwa imewahi kufikiwa katika ngazi yoyote ya vyuo vya Marekani. Mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa amedaka pasi 24 katika mechi moja dhidi ya Chuo Kikuu cha Southern. Mwezi Novemba 1984, timu yao ilipokutana na Alcorn State huku zote mbili zikiwa hazijafungwa, mechi ilihamishiwa Jackson, mji mkuu wa jimbo, na watu zaidi ya 60,000 wakajaa uwanjani, umati ambao vyuo vya watu Weusi vya Mississippi havikuwa vimeuzoea. Alcorn ilishinda 42 kwa 28. Katika hatua ya mtoano, Valley ilifungwa na Louisiana Tech 66 kwa 19, na wale waliokuwa wakisubiri sababu ya kuibeza waliipata.

Walisema kwamba alidaka mbele ya walinzi dhaifu, kwamba takwimu zake ni zao la mbinu ya Cooley, na kwamba hana kasi. Kipimo kinachotumika huko ni mbio za yadi 40, na muda wa Rice ulizidi sekunde 4.5, ambao kwa mpokeaji wa pembeni huonekana wa kawaida tu. Mtu akimtazama Rice akikimbia mbele ya saa ya kupimia, kweli haoni ajabu yoyote. Lakini mbio hizo hukimbiwa bila mpira, bila njia ya kukata na bila mtu wa kumkwepa, na waliomwona uwanjani walijua kwamba hapunguzi mwendo anapogeuka wala anapodaka, jambo ambalo saa hailioni. Katika upigaji kura wa tuzo ya Heisman, anayopewa mchezaji bora wa vyuo, alishika nafasi ya tisa, heshima ya nadra kwa mchezaji kutoka chuo kidogo kama kile.

Aliyeona kitu tofauti alikuwa Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers, timu ya kulipwa ya California. Mwezi Oktoba 1984 timu yake ilikuwa Houston kwa mechi, na usiku wa kuamkia mchezo, akiwa hotelini, aliwasha televisheni na kukuta vipande vya mechi ya Mississippi Valley State. Walsh alikuwa amejenga mfumo wake wote wa ushambuliaji juu ya pasi fupi zinazorushwa kwa hesabu ya hatua: kwotabeki hurudi nyuma hatua tatu au tano na kurusha mpira mahali ambapo mpokeaji bado hajafika. Mfumo kama huo hauhitaji tu mtu wa kukimbia haraka. Unahitaji mtu anayefika mahali palepale kila mara na mwenye mikono ya kuaminika, na ambaye akishadaka haanguki kwa mguso wa kwanza.

Wachezaji wapya huingia katika NFL, ligi kuu ya kulipwa ya mchezo huo, kwa utaratibu wa drafti, ambapo timu huchagua kwa zamu, iliyofanya vibaya ikitangulia na bingwa akiwa wa mwisho. Mwezi Januari 1985 Walsh na kwotabeki wake Joe Montana walikuwa wametwaa ubingwa kwa kuifunga Miami Dolphins 38 kwa 16, kwa hiyo zamu yao katika raundi ya kwanza ilikuwa ya 28, ya mwisho kabisa. Walsh hakuwa na imani kwamba Rice angebaki mpaka hapo. Siku ya drafti aliipa New England Patriots zamu zake za raundi tatu za kwanza, akapata zamu yao ya 16 pamoja na nyingine ya raundi ya tatu, na akamchagua kijana wa Crawford. Wapokeaji wawili walikuwa wametangulia kuchaguliwa, Al Toon na New York Jets, na Eddie Brown na Cincinnati Bengals. Ligi ndogo ya USFL, iliyokuwa ikishindana na NFL wakati huo, ilikuwa imemchagua wa kwanza kabisa kupitia Birmingham Stallions, lakini yeye akaenda California.

Sasa nafika kwenye sehemu ambayo ndiyo iliyonifanya niandike. Wanaosimulia maisha ya Rice huiruka miezi mitatu ya mwisho wa 1985 kama mtu anavyoruka dimbwi njiani, wakaharakishe kufika kwenye misimu 20, yadi 22,895 na tachidauni 208 alizomaliza nazo. Mimi naona kwamba hakuna kipindi katika maisha yake kinachofunza kuhusu kazi ya mpokeaji kuliko hicho. Mtu aliyedaka matofali manne kwa mpigo, mtu aliyeitwa Dunia, alifika San Francisco na kuanza kuangusha mpira.

Hakuangusha mmoja au miwili. Katika majuma yale ya kwanza pasi zilizomgonga mikononi na kuanguka zilifika kumi na kuzidi, nyingi kati yake zikiwa rahisi, na kila zilipoanguka mashabiki katika uwanja wa Candlestick Park, wenye upepo mkali wa baharini na ukungu unaoshuka jioni, walimzomea. Walikuwa na haki ya kukasirika kwa namna fulani, kwa sababu timu yao ilikuwa bingwa na ilikuwa imetoa zamu za thamani kwa ajili ya huyu mtu wa chuo wasichokijua. Kila siku mazoezini aliwaona Dwight Clark, ambaye mwezi Januari 1982 alidaka pasi mashuhuri kuliko zote katika historia ya klabu hiyo, na Freddie Solomon, mkongwe ambaye Rice ndiye aliyekuja kuichukua nafasi yake, na ambaye hata hivyo alimsaidia kuijua kazi. Katika mechi 16 za msimu huo alianza nne tu.

Nini kilitokea? Mikono haikuwa imebadilika. Rice mwenyewe alieleza baadaye kwamba alikuwa akifikiri mno, na nikisoma maelezo hayo namwona waziwazi. Kitabu cha mbinu cha Walsh kilikuwa kinene, na njia nyingi ziliweza kubadilika katikati ya jaribio kufuatana na jinsi mlinzi alivyosimama. Mpokeaji na kwotabeki walitakiwa kuona kitu kimoja na kuamua vilevile bila kusemezana. Katika chuo Totten alimjua kama anavyomjua ndugu. Montana alikuwa bado mgeni kwake. Kwa hiyo kijana alikimbia huku akihesabu hatua, akijiuliza kama amesoma sawasawa, akiwaza atageukia wapi akishaupata mpira, na macho yake yakauacha mpira kabla haujafika. Nami najua jinsi hilo linavyotokea, kwa sababu katika juma langu la pili juu ya jukwaa niliangusha matofali sita asubuhi moja, baada ya juma zima la kwanza kutoangusha hata moja. Nilikuwa nimeanza kuutazama ukuta. Nilitaka kuona fundi amefika wapi, nilihesabu yamebaki mangapi, nilijipanga kugeuka kabla sijashika. Mjomba hakunigombeza, alisimamisha kazi, akanywa maji, akaniambia maneno yaleyale.

Walsh naye hakumwondoa. Jambo hilo lilihitaji ujasiri, kwa kuwa kocha wa timu bingwa hana sababu ya kuvumilia mgeni anayemharibia mechi. Aliendelea kumtuma uwanjani na kuagiza pasi zielekezwe kwake, hata pale aliposhapoteza moja au mbili.

Usiku wa Jumatatu, tarehe 9 Desemba 1985, 49ers iliikaribisha Los Angeles Rams katika mechi iliyoonyeshwa nchi nzima. Rice alidaka pasi 10 kwa yadi 241, rekodi mpya ya klabu, moja kati yake ikiwa ya tachidauni ya yadi 66. Rams walishinda, 27 kwa 20. Napenda kwamba mechi iliyomfungua ilikuwa mechi ya kushindwa, kwa sababu hakuna anayeweza kusema kwamba ushindi ulimpamba. Yadi zile 241 zilisimama peke yake. Alimaliza msimu na pasi 49 kwa yadi 927, wastani wa karibu yadi 19 kwa kila pasi, na tachidauni 3 tu, akatajwa kuwa mshambuliaji mpya bora wa nusu yake ya ligi, yaani kundi la NFC.

Alichofanya baada ya hapo kinajulikana kwa wakimbiaji wengi wa California. Katika mji wa San Carlos, kusini mwa San Francisco, kuna njia ya kilima katika hifadhi ya Edgewood inayopanda kwa takriban kilomita nne, na wakati wa mapumziko ya msimu Rice alikuwa akiipanda kwa mbio akiwa na Roger Craig, mkimbiaji wa timu hiyo. Mazoezini alikuwa na desturi ambayo wachezaji wenzake waliistaajabia: kila alipodaka mpira, hata kama zoezi lilitaka yadi tano tu, alikimbia nao mpaka eneo la mwisho. Nadhani watu wengi huichukulia desturi hiyo kuwa ni bidii tupu. Kwangu mimi ni zaidi ya bidii, kwani mtu anayejua kwa hakika kwamba baada ya kudaka atakimbia mpaka mwisho hana tena haja ya kuwaza atafanya nini akishadaka, na macho yake yanabaki huru kuutazama mpira.

Mwaka 1986 Montana alifanyiwa upasuaji wa mgongo na kukosa nusu ya msimu, na mpira ukarushwa na wengine, hasa Jeff Kemp. Hata hivyo Rice aliongoza ligi nzima kwa yadi 1,570, na tachidauni zikafika 15. Kisha ikaja tarehe 4 Januari 1987, mechi ya mtoano dhidi ya New York Giants. Mapema kabisa alidaka pasi ya Montana katikati ya uwanja, akawaacha walinzi wote nyuma, akawa anakimbia peke yake kuelekea tachidauni, na mpira ukamtoka mkononi bila kuguswa na mtu. Ulibingirika mpaka eneo la mwisho na Giants wakaulalia. Mechi ilikwisha kwa 49 kwa 3. Hakuna anayedai kwamba tachidauni moja ingeyabadilisha matokeo hayo, lakini kwa mchezaji aliyekuwa amezomewa mwaka mmoja tu kabla yake, naweza kukisia usiku ule ulivyokuwa mrefu.

Msimu uliofuata ulikatwa na mgomo wa wachezaji, na Rice akacheza mechi 12 tu. Katika mechi hizo 12 alidaka pasi 22 za tachidauni. Rekodi ya awali ilikuwa 18, iliyowekwa na Mark Clayton wa Miami katika msimu kamili wa mechi 16, na mwaka huo wa 1987 aliyemfuata Rice alikuwa na 11, nusu kamili. Rekodi hiyo ilidumu miaka 20, mpaka Randy Moss alipodaka 23 mwaka 2007, naye kwa mechi 16.

Katika fainali ya ubingwa ya Januari 1989, iliyofanyika Miami, Rice alicheza akiwa na kifundo cha mguu kilichokuwa kikimsumbua, akadaka pasi 11 kwa yadi 215, akachaguliwa mchezaji bora wa mechi. Zikiwa zimebaki dakika tatu na ushee, 49ers walikuwa nyuma kwa pointi 3 dhidi ya Cincinnati, nao wakiwa yadi 92 kutoka eneo la mwisho. Montana aliwavusha uwanja mzima, Rice akidaka tatu kati ya pasi hizo, na walinzi wakawa hawana tena macho ya kumtazama mtu mwingine. Pasi ya mwisho, zikiwa zimebaki sekunde 34, ilimwendea John Taylor, aliyetoka Delaware State, chuo kingine kidogo cha watu Weusi. Matokeo yalikuwa 20 kwa 16. Mpira uliomaliza mchezo haukupita mikononi mwa Rice.

Mjomba amezeeka sasa na hajengi tena, ila hukagua kuta za watu bila kuombwa. Mwaka jana nilipokwenda Iringa nilimwonyesha picha za video za Rice kwenye simu yangu, nikamsimulia habari za Joe Nathan na wanawe. Hakuniuliza kuhusu tachidauni wala fedha. Aliniuliza ni nani aliyekuwa akirusha kutoka chini. Nikamjibu kwamba walikuwa kaka zake.

"Manne kwa pamoja?"

"Ndiyo, mjomba. Manne."

Aliirudisha simu mkononi mwangu, akanyamaza kidogo. "Basi na hao walikuwa mafundi," akasema. "Matofali manne ukiyarusha vibaya, mtu wa juu hana mkono tena."